Citizenfour: uzoefu wangu wa kuitazama kama mwongozo wa kazi

Nianze na maksi: nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeinyima kwa jambo linalohusu meza ya mhariri, nitalifikia. Ila kwa mtu wa habari, au mtu anayewaza siku moja kumpelekea mwandishi karatasi ambazo wakubwa hawataki zionekane, sijaona dokumentari nyingine inayomsogeza karibu hivi na tukio lenyewe. Nyingi hutengenezwa mambo yakishapoa, wahusika wamekalishwa mbele ya pazia wakikumbuka. Hapa kamera ilishaingia chumbani kabla habari ya kwanza haijatoka, na hakuna kati ya waliokuwemo aliyejua mwisho wake.

Kwa ambaye hajaisikia: ni kazi ya Laura Poitras, Mmarekani. Ilitoka 2014, ina dakika 114, na Februari 2015 ilichukua Oscar ya dokumentari ndefu. Inamhusu Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi ya mkataba katika NSA, shirika la Marekani la ujasusi wa mawasiliano, na jinsi alivyowakabidhi nyaraka za siri Poitras na waandishi Glenn Greenwald na Ewen MacAskill wa gazeti la The Guardian (lile la London, si letu la Dar) ndani ya hoteli ya Mira, Hong Kong, Juni 2013. Siku nane. Karibu saa nzima ya filamu imo ndani ya chumba hicho kimoja chenye kitanda cheupe na dirisha kubwa, na ukikosa muda wa yote, tafuta hiyo saa.

Kwanza namna ya kuitazama, maana watu wengi wameiacha katikati kwa sababu zinazorekebishika. Usiitazame kwenye simu. Barua pepe za Snowden zinatokea kama maandishi kwenye skrini, na ukizikosa umekosa nusu ya hadithi. Laptopu inatosha, televisheni ni bora zaidi. Nakala niliyotazama haina manukuu ya Kiswahili, kwa hiyo washa ya Kiingereza hata kama Kiingereza chako kiko sawa: Snowden huongea haraka kama mtu anayesoma risala, na lafudhi ya MacAskill ni ya Scotland hasa. Kwa bando, ubora wa kawaida hula kama GB 1 kwa saa, HD inaweza kufika 3. Ubora wa kawaida hauipunguzii filamu kitu isipokuwa hayo maandishi.

Pia usiikatie tamaa mapema. Sehemu ya kwanza inakwenda polepole: taa za handaki zinapita gizani huku Poitras akisoma barua, kisha vinafuata vipande vya mahakama huko Marekani, vya William Binney, mkongwe wa NSA aliyeondoka akilalamika, na vya ujenzi wa ghala la data kule Utah. Asiyejua muktadha ataona vipande vimetupwa tu. Kimoja usikiruke: Machi 12, 2013, Seneta Ron Wyden anamuuliza James Clapper, mkuu wa ujasusi wote wa Marekani, kama NSA inakusanya taarifa zozote za mamilioni ya Wamarekani. Clapper anajikuna kipaji akijibu hapana, si kwa makusudi. Miezi mitatu baadaye jibu hilo ndilo lililomponza.

Sasa barua. Jina la filamu ndilo jina alilotumia Snowden alipomwandikia Poitras Januari 2013. Kabla yake alishamjaribu Greenwald, Desemba 2012, akimtaka aweke PGP, programu ya kufunga barua pepe ili asomaye awe mwenye ufunguo peke yake. Greenwald aliahirisha wiki baada ya wiki, hata alipotengenezewa video ya kumwelekeza. Habari kubwa ya muongo ilikaribia kumpita mtu kwa uvivu wa kusakinisha programu.

Kwa Poitras mambo yalikwenda tofauti, kwa sababu alikuwa tayari ameshaumia: tangu 2006 alikuwa kwenye orodha ya siri ya watu wa kuchunguzwa, akisimamishwa mara kwa mara viwanja vya ndege. Snowden alimpata kupitia Micah Lee, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, ambaye aliuweka utambulisho wa ufunguo wa Poitras hadharani Twitter. Watu hudhani hatua hii ni ya mbwembwe. Si mbwembwe. Ufunguo wa umma, yaani ule ambao mtu huutoa ili wengine wamfungie barua, ukiletewa kwa njia ileile unayoiogopa, aliyeko katikati anaweza kukupa wake, akafungua barua, akasoma, akaifunga upya kwa ufunguo wa kweli na kuipitisha, na ninyi wawili msijue. Ndiyo maana utambulisho ule mrefu wa herufi na tarakimu unalinganishwa kupitia njia ya pili: simu, ana kwa ana, au mahali pa wazi ambapo mwenye hila angelazimika kuubadilisha mbele ya macho ya maelfu. Na hata hapo PGP inafunga kilichomo ndani tu. Kichwa cha barua, jina la mtumaji, jina la mpokeaji na saa vinabaki wazi. Ukiandika kwenye kichwa "Zile nyaraka za wizara", umefunga mlango ukaacha dirisha.

Kuna sentensi katika barua ya kwanza ambayo wengi huipita. Snowden anamtaka Poitras ahakikishe ufunguo wake unalindwa na nenosiri imara, achukulie kwamba adui anaweza kukisia mara trilioni moja kwa sekunde. Simamisha filamu hapo uchukue kikokotoo. Herufi nane ndogo za kawaida: zinaisha zote kwa moja ya tano ya sekunde. Herufi kumi ndogo: kama dakika mbili na sekunde ishirini. Sasa chukua dadu, orodha ya maneno 7,776 (ndiyo idadi unayopata ukirusha dadu mara tano kwa kila neno), uunganishe maneno yaliyotoka kwa bahati tu. Maneno manne yanahimili saa moja. Matano, siku 329 hivi. Sita, miaka kama 7,000. Tofauti kati ya kushikwa leo na kutoshikwa kabisa ni maneno mawili. Sharti moja: dadu ichague, si wewe. Mstari wa wimbo unaoupenda au aya uliyokariri una maneno mengi lakini tayari uko kwenye orodha za wadukuzi.

Hesabu hiyo ndiyo inafanya tukio la katikati ya filamu lichekeshe na kutisha kwa pamoja. Greenwald anaandika nenosiri lake, Snowden ameketi kitandani anamtazama vidole, kisha anamwambia kwa adabu kwamba linaonekana kama lina herufi nne hivi. Greenwald anajitetea. Mtu ana siri za dola kubwa kuliko zote mkononi, na nenosiri lake linahesabika kwa kutazama vidole tu.

Katika tukio hilohilo Snowden anajifunika nguo nyekundu kichwa pamoja na laptopu anapoandika la kwake. Greenwald anabaki ameduwaa. Watazamaji hucheka, nami nilicheka, lakini kinachozuiwa hapo ni kamera iliyofichwa darini au nyuma yako, na dhidi ya kamera hakuna programu inayosaidia, shuka inasaidia. Vivyo hivyo simu ya mezani ya hoteli. Anaichomoa na kueleza kuwa simu za aina ile, zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta, zinaweza kugeuzwa maikrofoni hata kama mkono wake umelala mahali pake. Kisha kengele ya moto inalia. Inanyamaza, inalia tena. Wote wanatazamana. Anapiga mapokezi, anaambiwa ni majaribio ya kawaida. Hakuna muziki wala sauti ya msimulizi inayokueleza uogope, na ukimya ule wa sekunde kadhaa, watu wanne wakisikiliza kengele, ndio ufundi wa Poitras ulio bora kuliko wote kwenye filamu hii.

Mkutano wenyewe nao ulipangwa kwa alama mbili. Ya kwanza ya macho: atakuwa nje ya mgahawa akichezea mchemraba wa Rubik. Ya pili ya maneno: muulize kuhusu saa za mgahawa, naye atatoa jibu lililokubaliwa mapema. Alama moja ingeweza kugongana na mtu asiyehusika. Mbili zikigongana kwa bahati ni vigumu. Mpango wa namna hii hauhitaji kifaa chochote, na ndio ninaoupendekeza kwanza kwa anayeuliza aanzie wapi.

MacAskill anaingia siku ya pili yake, na ndiye niliyemwelewa zaidi kwa jicho la kazi. Wenzake wameshazama kwenye majina ya mitambo. Yeye anamwambia Snowden kwamba hajui hata kidogo yeye ni nani, aanze na jina, alizaliwa wapi, alifanya kazi wapi. Alipelekwa na wahariri kwa kazi hiyohiyo: kuthibitisha kama huyu kijana ni mkweli. Tukio ni fupi, lakini bila hilo hakuna gazeti lingechapa.

Mpangilio wa kuzitoa habari filamu inauonyesha kwa kasi, kwa hiyo tarehe hizi zitakusaidia. Juni 5 ilitoka amri ya mahakama ya siri ikiitaka kampuni ya simu ya Verizon ikabidhi kila siku kumbukumbu za simu za wateja wake. Juni 6 PRISM, mpango wa kuchota taarifa kwa kampuni kubwa za intaneti, iliyotoka pia Washington Post. Juni 7 agizo la rais kuhusu mashambulizi ya mtandao, Juni 8 ramani ya takwimu za ukusanyaji, na Juni 9 ndipo Snowden akajitokeza kwa sura na jina. Ona mantiki yake. Walianza na amri ya mahakama kwa sababu ni karatasi ambayo serikali isingeweza kuikana wala msomaji kushindwa kuielewa: ina saini ya jaji na jina la kampuni. Slaidi za PRISM zilikuwa na utata mwingi na kampuni zilikanusha siku hiyohiyo. Wangeanza na PRISM, wiki nzima ingeliwa na mabishano. Na sura ya mtoa siri iliwekwa mwisho ili habari isigeuke kuwa ya mtu kabla haijasomwa.

Hapa ndipo nyota yangu moja ilipokwenda. Kutoka chumbani hadi ukurasa wa kwanza kuna kazi ya meza ambayo filamu inaigusa juujuu tu. Nani alisoma amri ile na kuamua ni halali? Wanasheria walisema nini? Serikali ilipigiwa simu, ikapewa muda gani wa kujibu? Majina gani yalizibwa na kwa nini? Ukitazama Citizenfour peke yake utadhani mwandishi hupokea flashi asubuhi, jioni habari iko hewani. Mwanafunzi wa uandishi akiondoka na picha hiyo, amepotoshwa.

Na kuziba majina si jambo dogo. Januari 2014 New York Times walipandisha waraka wa Snowden wenye mistari myeusi, lakini mistari ilikuwa imelazwa juu ya maandishi tu. Ukichagua sehemu ile na kuinakili kwingine, maneno yanatoka yote, likiwemo jina la mtumishi wa NSA. Kosa hili linarudiwa ofisini kila mwaka. PDF ina tabaka: umbo jeusi ni tabaka la juu, herufi ziko chini zimekaa. Dawa ni kugeuza ukurasa kuwa picha baada ya kuziba, kisha kutengeneza PDF mpya kutoka kwenye picha hiyo, kisha ujaribu mwenyewe kunakili maneno kabla ya kuchapisha. Ukiweza, usichapishe waraka wenyewe kabisa. Andika upya maneno yake.

Sababu ya hilo la mwisho ni kesi ya Reality Winner. Poitras na Greenwald walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa The Intercept, Februari 2014, chombo kilichojengwa juu ya nyaraka hizihizi. Mei 2017 Winner, naye mfanyakazi wa mkataba wa NSA, alichapisha kwenye printa ripoti ya siri na kuituma kwa posta kwa chombo hicho. Katika kutafuta uthibitisho, serikali ilionyeshwa nakala. Wachunguzi wakaona karatasi ina mikunjo, maana yake ilichapwa na kubebwa. Kumbukumbu za printa zikasema ni watu sita tu waliowahi kuichapa. Mmoja kati yao alikuwa amekiandikia chombo hicho barua pepe kwa kompyuta ya ofisini. Zaidi ya hayo, nakala iliyowekwa mtandaoni ilikuwa na vile vinukta vya njano vidogo mno vinavyotiwa na printa nyingi za rangi. Watu wa nje walivisoma wakapata tarehe na saa. Alihukumiwa miaka mitano na miezi mitatu. Hakuna PGP iliyovunjwa, hakuna nenosiri lililokisiwa. Karatasi ndiyo iliyosema. Kwa hiyo ukitazama Citizenfour na kudhani hatari yote iko kwenye kompyuta, rudi kwenye kesi hii.

Mambo mawili ya baada ya Hong Kong yamepitishwa haraka mno. La kwanza ni lile la Julai 20, 2013, The Guardian wakisaga diski zao kwa mashine chini ya jengo, wataalamu wa GCHQ, ujasusi wa mawasiliano wa Uingereza, wakisimama kuangalia. Picha zake zimo, za muda mfupi. Kinachokosekana ni kwamba nakala nyingine zilikuwa New York na Brazil, na wote mle ndani walijua. Hiyo ndiyo siri ya uhai wa habari ile: nakala kwenye nchi zaidi ya moja, chini ya sheria tofauti. La pili ni David Miranda, mwenzi wa Greenwald, aliyezuiwa Heathrow Agosti 18 kwa saa tisa, kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa na sheria ya ugaidi wakati huo. Filamu inamwonyesha akitua Rio amechoka. Alikuwa amebeba mafaili yaliyofungwa kwa usimbaji, lakini serikali ya Uingereza ilidai mahakamani kwamba alikutwa pia na karatasi yenye nenosiri. Mbebaji wa sanduku hapaswi kubeba ufunguo, hata ukiwa wa sanduku moja tu.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza yanatuhusu nini. Yanatuhusu, ingawa filamu haitutaji. Mei 2014, miezi mitano kabla ya kuonyeshwa mara ya kwanza, The Intercept ilichapisha kutoka kwenye nyaraka hizohizo kwamba mpango ulioitwa MYSTIC ulikuwa ukikusanya kumbukumbu za simu za mkononi za Kenya, pamoja na Mexico na Ufilipino. Kule Bahamas walihifadhi hadi sauti zenyewe. Kumbukumbu maana yake nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Bado kuna anayesema "kama hawasikilizi maneno yangu, kuna ubaya gani?" Chukua mwandishi wa Nairobi na afisa wa wizara wanaopigiana simu mara tatu usiku wa kuamkia habari kutoka. Hakuna haja ya neno hata moja.

Kuhusu sheria, kuna kikao cha mawakili Berlin ambacho kinastahili kutazamwa mara mbili. Snowden alishtakiwa makosa matatu, mawili chini ya sheria ya ujasusi ya 1917, na wakili Ben Wizner anaeleza kwamba sheria hiyo haitofautishi anayeuza siri kwa adui na anayempa mwandishi kwa manufaa ya umma. Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini hakurudi kwao kujitetea. Mahakama ya rufaa ya New York ilikuja kusema Mei 2015 kwamba ukusanyaji ule wa kumbukumbu za simu haukuwa na msingi wa kisheria, lakini mashtaka yake hayakuguswa, na 2022 akapewa uraia wa Urusi.

Majina ya kushukuru mwishoni usiyakimbie. Poitras ameorodhesha programu huria zilizotumika: Tor (ya kuficha unakotoka mtandaoni), Tails na Debian (mifumo ya kuendeshea kompyuta), GnuPG (ya kufunga barua kwa mtindo wa PGP), SecureDrop (sanduku la mtandaoni la kupokelea nyaraka) na nyinginezo. TrueCrypt, ya kufunga diski na mafaili, nayo imo, ila hiyo usiifuate. Waliokuwa wakiitengeneza waliitelekeza Mei 2014, na mrithi wake ni VeraCrypt. Tails unaiweka kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, unawasha kompyuta kutoka humo, ukizima haiachi kitu kwenye diski.

Tukio la mwisho ni Moscow. Greenwald anamweleza Snowden kuhusu mtoa siri mwingine, na kwa kuogopa vinasa sauti anaandika mambo mazito kwenye vikaratasi na kuvisukuma mezani. Kamera inadokoa: Ramstein, kambi ya Marekani huko Ujerumani, mishale inayopanda hadi kwa rais, na watu milioni 1.2 kwenye orodha. Snowden anatoa macho. Kisha Greenwald anavichana na kuvikusanya vipande. Ni picha nzuri ya kufungia filamu, lakini karatasi iliyochanwa kwa mkono huungwa upya. Tehran baada ya 1979 ziliungwa hata zile za ubalozi wa Marekani zilizopita kwenye mashine, uzi kwa uzi. Vile vipande vya mezani vilihitaji kiberiti.